«Mali gani?» Masomo ya kutunza mali na historia ya franga zetu



Juma iliyopita, kipindi kilipoisha, mama mmoja alinipigia. Familia yake ilitoka Masisi kwa sababu ya vita, wakakaa kambini, kambi ikavunjwa, sasa wanakaa katika nyumba ya ndugu pamoja na familia nyingine mbili. Binti yake mkubwa amepata diploma ya Serikali, na kuna mjomba anayekubali kulipa minerval ya mwaka wa kwanza. Binti amesema anataka kusoma gestion, na hasa namna ya kutunza mali ya watu: akiba, urithi, asiransi, kuweka pesa mahali izae. Papa yake alimtazama, akauliza neno moja tu: «Mali gani?»

Mama akaniambia: «Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, unaongea na wakubwa. Tuambie kweli. Hayo masomo ni ya watu kama sisi, ama ni ya watoto wa matajiri?»

Nilishindwa kumjibu palepale. Mimi nilimaliza sekondari na mafunzo ya uandishi wa habari, sikusoma uchumi. Lakini swali la yule papa halikuniacha nilale. Ng'ombe wake walichukuliwa, shamba lake liko mbali, nyumba yake hajui kama ina bati. Ana haki ya kuuliza. Basi nimefanya kazi ninayoijua: nimesoma, nimewauliza wazee, nimefuata historia. Na historia imenipeleka mahali ambapo sikutazamia, yaani Brussels, mwaka 1960.

Tuanze kwanza na hayo masomo yenyewe, kwa sababu wengi wanafikiri ni kitu cha zamani sana. Hapana. Wazee wetu waliozaliwa wakati wa Wabelgiji ni wakubwa kuliko masomo hayo. Mwaka 1952 mwanafunzi mmoja wa Chicago, Harry Markowitz, aliandika makala fupi kuhusu namna ya kuchagua hisa. Alionyesha kwa hesabu kwamba kuwa na vitu vingi hakutoshi. Lazima uangalie kama vitu hivyo vinaanguka pamoja. Ukiwa na vitu kumi ambavyo shida moja inaviangusha vyote siku moja, una kitu kimoja tu. Mwaka 1990 alipewa zawadi ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Halafu Desemba 1969 watu 13 walikutana Chicago, karibu na uwanja wa ndege, wakakubaliana kuanzisha kazi mpya: mtu wa kumshauri mtu mwingine juu ya maisha yake yote ya pesa, asiyekuja kumuuzia asiransi au hisa na kuondoka. Wakafungua shule Denver. Wanafunzi wa kwanza waliomaliza, mwaka 1973, walikuwa 42. Vyuo vikuu vilifuata nyuma yao, na leo katika Ulaya na Amerika kijana anaweza kufanya lisansi nzima ya mambo hayo.

Hapa kwetu jina hilo halijazoeleka. Binti wa yule mama ataingia katika gestion, au sayansi ya uchumi, au finansi na benki, na katika mpango mpya wa LMD atafanya miaka 3 mpaka lisansi. Somo la kutunza mali litakuwa sehemu ndani yake.

Kushika mwaka 1973 kichwani ni lazima, tutarudi kwake.

Kabla ya franga yoyote, watu wa pande hizi za ziwa Kivu walikuwa na pesa yao. Iliitwa butega: bangili za nyuzi zilizosukwa vizuri, zikivaliwa mguuni. Watembo wa milimani, magharibi ya ziwa, walizisuka, na zilivuka mpaka Idjwi na Rwanda katika karne ya 19, zikinunua chakula, mbuzi, hata ng'ombe. Na Wabashi walikuwa na kalinzi: ulitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, ukapata haki ya kulima udongo, wewe na watoto wako. Mtu aliyekuwa na akili hakubaki na butega nyingi ndani ya nyumba. Aligeuza butega kuwa mbuzi, mbuzi kuwa ng'ombe, ng'ombe kuwa shamba, na mara nyingine ng'ombe kuwa mahari, ambayo ni urafiki wa familia mbili. Nimesema hivyo ili msidhani elimu ya kutunza mali ilishuka kwetu na ndege.

Wabelgiji walileta kodi ya kichwa, na kodi ilitaka franga, na franga zilitaka kazi ya mzungu. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza mtu mweusi kama anataka kuweka akiba. Mwaka 1950 ndipo ilipoundwa Caisse d'Épargne du Congo Belge, nyumba ya akiba ya wadogo, mama wa ile CADECO mnayoijua. Karani, fundi, mwalimu wa misheni aliweza kuweka kidogo, akapewa kitabu. Chuo kikuu kilikuja nyuma yake: Lovanium, karibu na Léopoldville, mwaka 1954, kisha chuo cha Serikali Élisabethville, mwaka 1956. Uhuru ulipofika, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 20 katika nchi nzima.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wengi mnajua habari ya meza ya duara ya Brussels, ya Januari na Februari 1960, ambapo tarehe 30 Juni ilikubaliwa. Kila mtu anaikumbuka, wimbo ulitungwa, watu walicheza. Lakini kulikuwa na meza ya pili, na hiyo hakuna anayeicheza. Ilianza mwisho wa Aprili, ikaisha katikati ya Mei 1960. Ilikuwa meza ya uchumi. Pale ndipo ilipaswa kuzungumzwa mali ya nchi: deni nani atalipa, makampuni ni ya nani, na hasa zile hisa ambazo Serikali ya koloni ilikuwa nazo katika migodi, reli, umeme, mashamba. Hisa hizo zote pamoja ziliitwa portefeuille. Ni neno lile lile la pochi unayoweka mfukoni.

Viongozi wakubwa hawakwenda. Uchaguzi ulikuwa Mei, walikuwa katika kampeni, na mimi siwezi kuwalaumu sana, kwa sababu asiyekuwepo kwenye kampeni hapati kura. Walituma vijana. Wengi walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari Ubelgiji. Kwa upande wa MNC ya Lumumba alikuwepo kijana aliyekuwa mwandishi wa habari, jina lake Joseph-Désiré Mobutu. Mwandishi wa habari, kama mimi! Ninajaribu kujiona nimekaa pale, ng'ambo ya meza kuna watu wa benki, mawakili, wakurugenzi waliokaa miaka 30 ndani ya makampuni hayo, na mbele yangu kuna karatasi iliyojaa mahesabu. Ningetikisa kichwa tu.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Tarehe 17 Juni 1960 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuruhusu makampuni yaliyoundwa koloni kuchagua kuwa makampuni ya Kibelgiji. Mengi yalichagua, yakahamisha makao yao. Tarehe 27 Juni, siku tatu kabla ya uhuru, Comité Spécial du Katanga ilivunjwa. Wengi hawajawahi kusikia jina hilo, lakini ilikuwa kitu kikubwa. Iliundwa mwaka 1900, Serikali ya Kongo ilikuwa na sehemu mbili kwa tatu ndani yake, na kwa njia yake Serikali ilikuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière, kampuni ya shaba. Ilipovunjwa, hisa ziligawanywa, na nguvu ya kura ya nchi ikapungua kabla bendera haijapanda. Hakuna risasi iliyopigwa. Ilikuwa karatasi na sahihi.

Miaka karibu mitano nchi ikabishana juu ya ile portefeuille. Februari 1965 Moïse Tshombe, aliyekuwa waziri mkuu, alifanya mapatano na Wabelgiji, akarudi Léopoldville na mkoba, akawaonyesha watu. Watu walishangilia mkoba. Ndani kulikuwa na hisa, lakini kulikuwa na madeni pia, na mkoba hauonyeshi tumbo lake kwa watu walio barabarani. Mwanzo wa 1967 Mobutu, sasa akiwa rais, aliichukua Union Minière yote iliyokuwa hapa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mpaka leo katika serikali ya Kinshasa kuna waziri wa portefeuille.

Nilipomweleza yule mama habari hii kwa simu, alinyamaza, kisha akasema: «Kumbe walituma watoto.» Ndiyo, mama. Walituma watoto, na watoto hawakufundishwa.

Wakati wa Mobutu, tarehe 24 Juni 1967, pesa mpya ilitoka: zaire. Zaire moja ilikuwa franga 1,000 za zamani, na ilikuwa dola 2 za Amerika. Ndiyo, mmesoma vizuri, zaire moja ilinunua dola mbili. Iligawanywa katika makuta 100. Pesa hiyo imekufa, lakini neno lake liko hai: mpaka leo mtu akikosa pesa anasema hana makuta.

Kisha ukafika ule mwaka wa 1973. Wakati watu 42 wanamaliza shule yao Denver, kwetu, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, zilipewa Wazaire. Katika Kivu ilikuwa pia mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Nia yake mtu anaweza kuielewa: mwenye nchi awe mwenye duka. Lakini waliopewa walikuwa hasa watu wa karibu na chama na wakubwa. Wazee wanasimulia ilivyokwenda katika miji mingi: mtu anapewa duka limejaa, anauza kila kitu, anadhani pesa yote iliyo ndani ya sanduku ni yake. Haachi ya kununulia bidhaa nyingine. Baada ya miezi, rafu zinabaki na vumbi. Kutofautisha mtaji na faida ni somo la juma la kwanza katika gestion, na nchi nzima ililipa ili kulijifunza. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka duniani. Mwaka 1976 Serikali ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi.

Sasa niwaambie habari ya babu yangu, kwa sababu najua katika nyumba nyingi kuna babu kama yeye.

Alikuwa upande wa Rutshuru, akinunua kahawa na maharagi kwa wakulima, akiuza mjini. Hakuwa tajiri, lakini alijengea bati wakati wengine walikuwa na majani. Pesa yake aliiweka katika debe la mafuta, chini ya kitanda. Desemba 1979, wakati wa sikukuu, redio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Hizo ndizo zilikuwa noti kubwa. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, na kulikuwa na kipimo: mtu hawezi kuleta zaidi ya kiasi fulani. Mipaka ilifungwa. Babu alitembea, alipata gari, alipanga mustari mbele ya benki siku mbili. Alibadilisha sehemu. Zilizobaki alirudi nazo. Sisi wajukuu tulizichezea, tulifanya duka la mchezo, tukauziana majani ya viazi kwa noti za zaire 10. Alikuwa anatutazama, hasemi kitu. Nilipokuwa mkubwa nilihesabu: zaire 10, mwaka 1967, zilikuwa dola 20.

Tangu siku ile babu hakuweka tena noti nyingi. Aliweka ng'ombe. Na alikuwa na ng'ombe mpaka vita vya 1996.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka, maana wengi mliiona kwa macho. Mwaka 1991 Kinshasa ilijaa nyumba za pesa, Bindo Promotion, Masamuna na nyingine, zilizoahidi kurudisha pesa ya mtu mara nyingi kwa siku chache. Wa kwanza walilipwa kwa pesa ya wa nyuma. Watu waliuza redio, waliuza hata parsele. Kisha milango ikafungwa. Septemba mwaka huo askari walipora muji, na miji mingine ikafuata. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, uporaji ukarudi. Oktoba 1993 ikatoka zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa wakaendelea na noti zao kuukuu, na kwa muda bei zao zilitulia kuliko za Kinshasa. Hakuna profesa aliyewafundisha hayo. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya sasa: moja kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu nami. Franga moja ya 1998 ni zaire bilioni 300 za babu. Mtu aliyekuwa na zaire 1,000 katika kitabu cha akiba mwaka 1967, yaani dola 2,000, akaziacha zilale, mwaka 1998 hakuwa na kitu cha kununua hata njiti moja ya kiberiti.

Ndiyo maana mama wa sokoni Virunga au Kadutu anahesabu franga lakini anaweka dola. Ni historia imekaa ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni.

Lakini mwaka 1991 huo huo, mbali na sisi, Maradi, nchi ya Niger, shirika CARE lilianza na wanawake wa kijiji kitu kidogo: sanduku moja, watu wachache wanaojuana, kila juma kila mmoja anaweka, wanakopeshana kwa riba wanayoipanga wenyewe, mwisho wa mwaka wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mnakijua kitu hiki. Ni AVEC. Likelemba zetu zilikuwepo zamani, lakini AVEC iliongeza kitabu na mkopo. Nimekwenda kambi nyingi za pembeni ya Goma kwa kazi yangu, na nimeona akina mama waliofika bila sufuria wakianza AVEC kwa franga 500 kwa juma. Masanduku mengine yalipotea watu walipotawanyika mwanzo wa 2025. Lakini kikundi kimoja nilichokutana nacho kiligawana pesa usiku wa mwisho, kwa mwanga wa simu, kila mtu na yake mpaka franga ya mwisho, kisha wakakimbia. Katibu wao alikuwa msichana wa miaka 19. Daftari alilifunga ndani ya kitenge.

Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na za Bukavu zikafuata. Mliokuwa na mshahara ndani ya akaunti mnajua: pesa ni yako, karatasi inasema ni yako, lakini huwezi kuishika. Watu walianza kuvuka mpaka Gisenyi kuitafuta, au kuitoa kwa simu na kukatwa komisyo. Aliyekuwa na noti za dola nyumbani aliogopa wezi. Aliyekuwa nazo benki aliogopa njaa.

Narudi kwa yule papa wa Masisi, na kwa Markowitz. Niliongea na papa mwenyewe, aliniruhusu. Akanihesabia: alikuwa na ng'ombe, shamba, duka dogo la sabuni na chumvi, na nyumba moja ya kupangisha kwenye senta. Alisema: «Mimi sikuweka vyote mahali pamoja. Nilikuwa na vitu vinne.» Nikamwuliza: papa, vyote vinne vilikuwa wapi? Akasema vilikuwa katika kijiji kimoja. Akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu ambaye hataki kulia mbele ya mgeni. Vita moja, siku moja, njia moja. Hivyo ndivyo yule mwanafunzi wa Chicago aliandika mwaka 1952, ila yeye aliandika kwa hisa.

Simlaumu, na hakuna anayeweza kumlaumu. Mtu wa kijiji angeweka wapi? Lakini hapo ndipo niliona kwamba swali lake, «Mali gani?», lina jibu. Kabla ya vita familia hiyo ilikuwa na mali, na hata sasa haijabaki mikono mitupu. Kuna shamba, na kama kuna karatasi ya shamba, iko wapi, na kopi yake iko kwa nani? Kuna watu wawili waliokuwa na deni la duka lake, anawakumbuka kwa majina na kwa kiasi. Kuna kaka yake Butembo aliyesomeshwa kwa maziwa ya wale ng'ombe. Hakuna aliyekaa na familia hiyo kuandika haya yote kwenye ukurasa mmoja. Na familia za namna hiyo ziko maelfu. Wanaosema kutunza mali ni kazi ya watoto wa matajiri wamesahau kwamba tajiri akipoteza sehemu moja kwa kumi anakasirika, lakini maskini akipoteza kiasi hicho hicho mtoto anaacha shule.

Hata hivyo, mama, sitaki kukuuzia maneno matamu. Lisansi haitoi kazi siku ya pili. Katika muji ambao benki zake zilifungwa, vijana waliosoma benki wanauza mkate na kupandisha watu kwenye pikipiki, nawajua. Jina zuri la somo si kitu: kama chuo kimoja kinawapa «kutunza mali» na kingine gestion ya kawaida, ningemwambia binti achague mahali ambapo watamfundisha kushika vitabu vya hesabu mpaka usingizini, sheria ya udongo, sheria ya urithi, na kodi. Hayo anaweza kuyafanyia kazi hata chini ya hema. Aulize pia kama chuo kinatambuliwa na Serikali, kabla mjomba hajatoa dola hata moja, kwa sababu kuna nyumba nyingi zinajiita chuo kikuu na choo chake hakina mlango. Na aendelee na AVEC yake. Niligundua katikati ya mazungumzo kwamba naye ndiye anayeandika daftari la kikundi cha mama yake tangu ana miaka 16. Hakuwa ameiona kama kazi.

Papa bado hajasema ndiyo. Amesema ana swali moja, nimtafutie jibu. Anataka kujua kama huko shuleni, wakifundisha habari ya pesa kupoteza nguvu, wanawaeleza watoto habari ya Desemba 1979 na ya zile zaire milioni 5, ama wanafundisha ya Ujerumani tu. Nimelipeleka swali kwa mwalimu mmoja wa gestion hapa muji. Akaniomba mpaka Ijumaa, apekue kwanza kozi yake. Akinijibu, nitalisoma hewani, katika kipindi cha jioni.